Elimu ya Muungwana na Chuo Kisicho na Pa Kujificha

Berekuso ni mji mdogo wa kilimani nchini Ghana, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Accra. Huko kuna vyumba vya mtihani ambavyo mgeni akichungulia atadhani msimamizi amechelewa. Wanafunzi wameinama, kalamu zinakwenda, karatasi za maswali zimeshagawiwa, na mbele ya chumba hakuna mtu. Msimamizi hajachelewa. Hayupo, wala hatakuja. Tangu 2008 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ashesi wamekuwa wakifanya mitihani kwa ahadi ambayo wanafunzi wenyewe waliijadili na kuipigia kura: sitadanganya, na nikimwona mwenzangu anadanganya sitanyamaza.

Sisi tuliopita kwenye kumbi za mitihani za Afrika Mashariki tunajua uzito wa jambo hilo. Kwetu mtahiniwa hupekuliwa mlangoni, simu huachwa nje, wasimamizi hupita katikati ya safu, na bado yupo anayeingia na mwakenya, yaani kijikaratasi cha majibu, ndani ya soksi. Ni chuo cha namna gani, basi, kinachothubutu kumwacha kijana wa miaka 19 peke yake na dhamiri yake?

Ni chuo kidogo cha elimu pana. Aina hii ya chuo ilikomaa Marekani, ikapata watetezi na wapinzani wengi, na leo inajaribiwa upya Afrika huku kule ilikotoka baadhi ya milango ikifungwa. Nataka kuitazama kwa ujumla wake: inafundisha nini, wanafunzi wake wanaishije, nani anailipia, na sisi tuchukue nini kwake. Hoja yangu naiweka mezani mapema. Kinachotangazwa na vyuo hivi ni upana wa masomo. Kinachomjenga mwanafunzi ni udogo wa chuo.

Neno na deni lake

Wamarekani huiita elimu hii liberal arts, jina lililotoka kwenye Kilatini, artes liberales, yaani stadi zinazomstahili mtu huru. Ulaya ya zama za kati ilizihesabu saba: sarufi, mantiki na balagha, kisha hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Hazikuwa na nia ya kumfundisha mtu kazi ya mikono wala biashara. Zilimwandaa mtu atakayesimama barazani, akasikiliza, akapima, akasema neno lenye uzito.

Kiswahili kina neno linalotembea sambamba na hilo: uungwana. Katika miji ya pwani muungwana alikuwa kwanza mtu asiye mtumwa, mzaliwa huru. Baadaye neno likapanuka, likawa sifa ya mtu mwenye adabu, anayejua la kusema na wakati wa kunyamaza. Hali ya kuzaliwa ikageuka kuwa tabia. Kwa hiyo elimu hii tukiiita elimu ya kiungwana hatutakuwa tumekosea tafsiri.

Lakini doa nalo ni lilelile. Muungwana wa mjini, awe wa Roma ya kale au wa Lamu, alipata nafasi ya kukaa na kitabu kwa sababu kulikuwa na mwingine aliyelima na kuteka maji. Elimu ya mtu huru ilizaliwa ikiwa na deni kwa mtu asiye huru. Ndiyo maana kila chuo cha aina hii, hata leo, hakikwepi swali moja: nafasi hii ya kusoma kwa utulivu, analipia nani? Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha chuo na chuo.

Masomo: upana wenye mpangilio

Kijana wa Tanzania huchagua njia mapema. Akimaliza Kidato cha Nne anaingia kwenye tahasusi: PCM, PCB, EGM, HGL. Herufi tatu zinaamua mlango upi wa chuo kikuu utafunguka na upi utabaki umefungwa. Akifika chuoni, wa sheria anaanza sheria wiki ya kwanza, na wa udaktari anaanza udaktari. Ni urithi wa Waingereza na una faida zake: miaka ni michache, gharama ni nafuu, na utaalamu unapatikana upesi.

Chuo cha elimu pana huenda kwa mwendo mwingine. Shahada ya kwanza ni miaka minne. Mwaka wa kwanza mwanafunzi huwekwa kwenye semina ndogo ya kusoma na kuandika, ambamo hufundishwa kuchambua andiko gumu na kujenga hoja juu yake. Kisha hutakiwa kuchota katika makundi matatu: fasihi, falsafa na sanaa; historia, uchumi na elimu ya jamii; hesabu na sayansi asilia. Mwishoni mwa mwaka wa pili ndipo anapotaja fani yake kuu. Anayependa kemia haepi mashairi, na mshairi haepi maabara. Mwaka wa nne, katika vyuo vingi, huandika tasnifu chini ya mwalimu mmoja anayemfuatilia kwa karibu.

Ndani ya umbo hilo kuna tofauti kubwa. Amherst, chuo cha Massachusetts kilichoanzishwa 1821, humwachia mwanafunzi karibu uhuru wote wa kuchagua: ukiacha semina ya mwaka wa kwanza na mahitaji ya fani yake, hakuna orodha ya lazima. St. John's, chenye kampasi Annapolis na Santa Fe, kilishika njia ya kinyume tangu 1937. Huko kila mwanafunzi husoma mpango mmoja wa miaka minne, kuanzia Homer, Plato na Euclid hadi Newton na Einstein. Hakuna fani kuu, na mihadhara ni michache mno; watu hukaa kuzunguka meza moja na kujadili. Muhula ukiisha, walimu hukutana na kumzungumzia mwanafunzi mwenyewe akiwa ameketi mbele yao, anasikia jinsi akili yake inavyoonekana kwa wengine.

Colorado College iliamua 1970 kwamba mwanafunzi asome somo moja tu kwa wakati, kwa wiki tatu na nusu, kisha ahamie jingine. Darasa la jiolojia huweza kuhamia milimani kwa siku kadhaa bila kugongana na ratiba ya mtu. Reed, cha Portland, kinamtaka kila mhitimu aandike tasnifu, na hakina desturi ya kumtangazia mwanafunzi alama zake. Anayefanya vizuri hazioni mpaka aziombe. Walimu humrudishia maoni yaliyoandikwa, ili macho yake yabaki kwenye kazi yenyewe.

Mfano unaonigusa zaidi ni Swarthmore, chuo kilichoanzishwa na Wakristo wa madhehebu ya Quaker mwaka 1864 karibu na Philadelphia. Mwaka 1921 kilipata mkuu mpya, Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford na kuvutiwa na utaratibu wa mwalimu kukaa na wanafunzi wachache. Alianzisha mpango wa heshima ambao bado upo. Wanafunzi wachache husoma semina kwa kina, kila mmoja akiandika na kutetea kazi yake mbele ya wenzake. Mwishoni hutahiniwa na wataalamu kutoka vyuo vingine. Utaratibu huo unabadilisha uhusiano wa darasani. Mwalimu anayekufundisha siye atakayekuhukumu, kwa hiyo mnakuwa upande mmoja, mkijiandaa pamoja kwa mgeni.

Mipango hii mitano haifanani kwa orodha ya masomo, lakini kuna sharti moja ambalo yote inalitegemea, nalo ni uchache wa watu. Huwezi kumjadili mwanafunzi mbele yake ukiwa na wanafunzi 20,000. Mhadhiri mwenye darasa la watu 600 hawezi kusoma insha 600 na kuandika neno la maana kwenye kila moja. Atatunga maswali ya kuchagua jibu, na mwanafunzi mwenye akili atatafuta madesa ya miaka iliyopita, akariri, afaulu, asahau. Hatuna sababu ya kumlaumu. Amelijibu darasa kama darasa lilivyomtaka.

Elimu pana yenyewe si ngeni kwetu. Julius Nyerere alikwenda Edinburgh 1949 na kurudi 1952 akiwa na shahada ya kijumla ya Kiskoti, iliyochanganya uchumi wa kisiasa, anthropolojia ya jamii, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Anayeshangaa jinsi mwalimu wa Pugu alivyoweza kuandika juu ya ardhi, shule na katiba, na kutafsiri tamthilia za Shakespeare, kwa kalamu ileile, aanzie hapo. Edinburgh hakikuwa chuo kidogo, lakini mpango aliousoma ulikuwa mpana kwa makusudi.

Maisha: pale darasa linapoishia bwenini

Katika vyuo hivi mabweni ni sehemu ya elimu. Wanafunzi wengi hukaa kampasi miaka yote minne. Mwaka wa kwanza chuo humpangia kijana mwenzake wa chumba, mara nyingi mtu wa jimbo jingine, dini nyingine, au nchi nyingine. Hula bwalo moja, na mwalimu wa historia anaweza kuja na sinia lake akaketi kumalizia mjadala wa asubuhi.

Udogo una nguvu nyingine isiyoandikwa kwenye vipeperushi. Chuo chenye watu 1,500 kinahitaji kwaya, gazeti, timu ya mpira, klabu ya mdahalo na serikali ya wanafunzi kama chuo cha watu 30,000. Nafasi ni zilezile, watu ni wachache. Basi mwenye haya anaitwa. Asiyewahi kuimba anaambiwa sauti ya besi imepungua. Msichana wa fizikia anajikuta mhariri wa gazeti kwa sababu mhariri amehitimu na hakuna mwingine. Hata michezoni, vyuo vingi vya aina hii vimo katika daraja ambalo haliruhusu ufadhili wa masomo kwa ajili ya mchezo, kwa hiyo wachezaji ni wanafunzi tu wanaopenda kucheza. Wengi hugundua uwezo wao kwa kuitwa kuziba pengo.

Afrika Mashariki iliwahi kuonja maisha haya. Tom Mboya wa Kenya na marafiki zake Wamarekani walipoandaa safari za ndege za wanafunzi kwenda Marekani, ndege ya kwanza, mwaka 1959, ilibeba vijana 81. Wengi wa waliosafiri miaka hiyo walitawanyika kwenye vyuo vidogo ambavyo majina yake hayakujulikana nyumbani, kwa sababu ndivyo vilivyojitolea kuwapokea. Wangari Maathai aliondoka Kenya 1960 akaenda Atchison, mji mdogo wa Kansas kando ya mto Missouri, kwenye chuo cha wasichana cha masista Wabenediktini, Mount St. Scholastica. Alisoma biolojia kama fani kuu, pamoja na kemia na Kijerumani, akahitimu 1964. Aliyekuja kuunganisha mti, maji, kuni, mwanamke wa kijijini na katiba ya nchi katika hoja moja hadi akatunukiwa Nobel 2004 alikuwa mwanabiolojia. Sidai kwamba Atchison ndiyo iliyomfanya vile. Ihithe alikokulia na Nairobi alikopambana zina haki kubwa zaidi. Lakini hakufundishwa kuamini kwamba anayesoma chembehai hapaswi kuuliza habari za haki.

Eduardo Mondlane wa Msumbiji alihitimu Oberlin, Ohio, mwaka 1953. Oberlin kilianza kupokea wanafunzi weusi 1835, na 1837 kikawaingiza wanawake kwenye masomo ya shahada, wakati vyuo vingi vya Marekani vilikuwa vimefungia wote hao nje. Mondlane ndiye aliyekuja Dar es Salaam kuongoza FRELIMO tangu 1962, na ndiko alikouawa Februari 1969. Somo lake lilikuwa jamii ya watu, na alilitumia kuunganisha watu waliotengwa na lugha, mikoa na vyama vidogo vidogo.

Hata hivyo ni wajibu kusema upande wa pili. Mahali pasipo pa kujificha pana uchungu wake. Ukigombana na mwenzako wa chumba, mtakutana bwaloni asubuhi, mchana na jioni. Habari husambaa kabla ya chakula cha usiku. Mwanafunzi wa Kiafrika anaweza kuwa peke yake darasani, na kila Afrika inapotajwa vichwa vyote humgeukia, kana kwamba amebeba nchi 54 mgongoni. Mji wenyewe una barabara moja ya maduka. Desemba mabweni mengi hufungwa, theluji imejaa, nauli ya kurudi Mwanza au Kisumu haipo, na kijana hutegemea familia ya wenyeji itakayomkaribisha. Mzazi anayempeleka mtoto huko aulize mapema juu ya Desemba kama anavyouliza juu ya ada.

Yote haya, machungu na matamu, hukutana kwenye kiapo cha uaminifu. Haverford, chuo kingine cha Pennsylvania, kina kanuni yake ya uaminifu tangu 1897. Wanafunzi huithibitisha kila mwaka kwa kura zao, na mitihani hufanywa bila msimamizi. Kwenye chuo kikubwa kanuni kama hiyo ingekufa haraka, kwa kuwa ninayemdanganya simjui. Kwenye chuo kidogo, ninayemdanganya ni mwalimu aliyesoma rasimu zangu tatu, na anayeketi kando yangu ni mtu niliyemuuguza malaria au mafua wiki iliyopita. Wazee walisema muungwana ni kitendo. Ahadi ya Berekuso na ile ya Haverford zimesimama juu ya maana hiyohiyo: uungwana hauthibitishwi na cheti, unathibitishwa chumbani pasipo na msimamizi.

Gharama: nani anateka maji?

Sasa turudi kwenye deni. Katika vyuo mashuhuri vya aina hii, ada, malazi na chakula kwa pamoja vimepita dola 80,000 kwa mwaka. Sababu ya msingi ni hiyohiyo ninayoisifu: mwalimu mmoja kwa wanafunzi wachache ni mshahara uliogawanywa kwa vichwa vichache. Vyuo vyenye akiba kubwa iliyowekezwa hulipa sehemu ya mzigo huo. Amherst, kwa mfano, hakitazami uwezo wa kifedha wa mwombaji wakati wa kumchagua, hata kama ametoka nje ya Marekani, na humlipia pengo analoshindwa. Lakini vyuo vyenye uwezo huo vinahesabika.

Visivyo na akiba vinateseka. Marekani inazaa watoto wachache kuliko ilivyokuwa 2007, na waombaji wanapungua. Green Mountain cha Vermont kilifungwa 2019. Marlboro, cha jimbo hilohilo, kilifuata 2020. Wells, kilichodumu tangu 1868 kando ya ziwa huko Aurora, New York, kilifunga milango 2024, mwaka uleule Birmingham-Southern cha Alabama nacho kikafungwa. Sweet Briar cha Virginia kilitangaza kifo chake 2015, kisha wanawake waliosoma hapo wakachangishana, wakaenda mahakamani, wakakifufua. St. John's kilijaribu dawa nyingine: 2018 kilitangaza kushusha ada kutoka zaidi ya dola 50,000 hadi 35,000, kikiamini kwamba bei ya kutisha huwafukuza walewale wanaokifaa.

Kuna jibu moja ambalo msomaji wa Afrika Mashariki atalielewa kuliko wengi. Berea, Kentucky, ilianzishwa 1855 na mchungaji John Fee, mpinga utumwa, katika jimbo lililokuwa bado na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, darasa lake lilikuwa na weusi na weupe kwa idadi iliyokaribiana. Mwaka 1904 jimbo lilitunga sheria ya kukataza rangi mbili kusoma pamoja, iliyokilenga chuo hicho, na 1908 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaiacha isimame. Carter Woodson, baba wa historia ya Wamarekani weusi, alikuwa amehitimu hapo 1903, mwaka mmoja tu kabla mlango haujafungwa. Haukufunguliwa tena hadi 1950.

Berea haijatoza ada tangu 1892. Huchagua wanafunzi wenye uwezo wa akili ambao familia zao hazina uwezo wa fedha, wengi wao kutoka milima ya Appalachia, na humtaka kila mmoja afanye kazi angalau saa kumi kwa wiki. Wapo wanaofuma vitambaa, wanaotengeneza fagio, wanaohudumia wageni hotelini mwa chuo, wanaotunza kompyuta, wanaosaidia maabara. Kazi hiyo hulipwa kidogo, hupimwa na kuandikwa kwenye kumbukumbu za mwanafunzi kama somo. Kisha huyohuyo aliyeshika ufagio huingia semina ya falsafa. Hapo lile deni la muungwana linalipwa kwa heshima: anayesoma na anayeteka maji ni mtu mmoja.

Mtanzania akisoma habari hizi atakumbuka Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Wazo lilikuwa pacha: shule iwe na kazi, na kazi iwe na akili. Wengi wetu tunakumbuka pia jinsi shamba la shule lilivyogeuka kuwa mahali pa adhabu, aliyechelewa akipewa jembe na aliyefaulu akisamehewa. Kazi iliyotolewa kama adhabu ilifundisha kudharau kazi. Berea imedumu kwa sababu jembe walipewa wote, likapimwa kama kalamu, na wafadhili wakajenga akiba inayobeba sehemu kubwa ya gharama. Jasho la wanafunzi peke yake halilipi mishahara ya walimu. Linalipa heshima.

Kujaribu Afrika

Patrick Awuah, Mghana, alipata ufadhili wa Swarthmore, akahitimu 1989 katika uhandisi na uchumi, akafanya kazi Microsoft, kisha akarudi nyumbani. Mwaka 2002 alifungua Ashesi kwenye nyumba ya kupanga jijini Accra akiwa na wanafunzi 30. Ashesi ni neno la Kiakan lenye maana ya mwanzo. Mwaka 2011 chuo kilihamia Berekuso, na 2018 kikapata hati ya kutoa shahada zake chenyewe.

Uamuzi wenye busara zaidi wa Awuah ulikuwa kutoiga orodha ya masomo ya Swarthmore. Alijua mzazi wa Kumasi hatauza ng'ombe ili mtoto asome falsafa pekee. Ashesi kikaanza na biashara na kompyuta, uhandisi ukaongezwa 2015. Lakini kila mwanafunzi, awe wa kodi au wa saketi, hupita kwenye msingi mmoja: kuandika na kuzungumza, kusoma maandiko makuu na kuyajadili, masomo ya Afrika, ubunifu na ujasiriamali, semina za uongozi na huduma kwa jamii. Alichochukua Pennsylvania ni mwalimu anayekujua na mwenzako anayekuwajibisha.

Upo mfano wa tahadhari pia. Yale-NUS cha Singapore kilipokea wanafunzi wa kwanza 2013, kikiwa na fedha, jina na walimu wa daraja la juu. Mwaka 2021 kilitangazwa kuunganishwa na mpango mwingine wa chuo kikuu mama, na 2025 kundi la mwisho likahitimu. Wanafunzi na wazazi walipata habari uamuzi ukiwa umeshafanywa. Chuo kidogo kilichopandikizwa kwa mkono mmoja wa juu kinaweza kung'olewa kwa mkono uleule. Ashesi kilikua taratibu kutoka nyumba ya kupanga, na mizizi yake iko kwa watu waliokitaka.

Afrika Mashariki nayo haijalala. Nairobi ina USIU, yenye masomo ya msingi ya lazima kwa kila mwanafunzi, na Daystar imejitambulisha kwa muda mrefu kama chuo cha Kikristo cha elimu pana. Rwanda ina kampasi ya African Leadership University, ambayo mwanzilishi wake, Fred Swaniker, ni zao la Macalester, chuo kidogo cha Minnesota alikosoma pia Kofi Annan.

Mlimani penyewe palianza padogo. Oktoba 1961, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa na kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi wasiozidi 15, kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba. Baadaye, wakati mwanahistoria Walter Rodney akifundisha huko na vijana wakihoji elimu inayomtenga msomi na mkulima, lilijengwa somo la maendeleo, Development Studies au DS, ambalo kila mwanafunzi wa shahada ya kwanza alitakiwa kulisoma, mhandisi kwa mwanasheria. DS ilikuwa elimu pana ya Kitanzania, iliyobuniwa na Watanzania na marafiki zao kwa ajili ya maswali yao. Leo somo hilo hufundishwa kwa mamia kwenye kumbi kubwa, na wengi hulipita kwa madesa. Wazo halikuchakaa. Idadi ya watu ukumbini ilipanda, na mazungumzo yakafa.

Nayaona hapo majibu kwa wale wanaosema elimu pana ni anasa ya matajiri. Wana hoja nzito: nchi zinahitaji madaktari na wahandisi, mikopo ya bodi haitoshi, na miaka minne ya kuonja kila chakula ni mingi kwa mzazi maskini. Lakini Ashesi imeonyesha kwamba mhandisi anaweza kusomea uhandisi na bado akafundishwa kuandika, kuhoji na kuwajibika. Na DS imetuonyesha, kwa hasara, kwamba kuongeza somo la lazima bila kuongeza mtu wa kulisoma jibu la mwanafunzi ni kuongeza mzigo tu.

Tuchukue nini?

Hatuwezi kujenga vyuo mia vya watu 1,500, na hatuna haja. Tunaweza kupanda udogo ndani ya ukubwa. Kila kitivo kiweke semina moja ya mwaka wa kwanza ya watu 15, hata kama ni muhula mmoja, ambamo kila kijana ataandika, atasomwa, na ataandika upya. Tasnifu ya mwaka wa mwisho iwe na msimamizi anayekutana na mwanafunzi wake uso kwa uso, na mtahini wa nje atakayemuuliza maswali. Wanafunzi wa mwaka wa tatu walipwe kidogo wafundishe wa mwaka wa kwanza. Kazi za kampasi, kuanzia maktaba hadi bustani, wapewe wanafunzi kwa ujira na kwa heshima. Na idara moja, yenye walimu jasiri, ijaribu mtihani mmoja bila msimamizi, baada ya wanafunzi kuukubali kwa kura yao wenyewe.

Mzazi unayetafuta chuo, na kijana unayejaza fomu, usiishie kwenye majina ya kozi. Uliza maswali matatu. Nani atasoma anachoandika mwanafunzi, na atamrudishia lini? Asipoonekana darasani wiki mbili, nani atagundua? Na siku akiwa peke yake na karatasi ya mtihani, chuo hiki kitakuwa kimemfundisha nini cha kumzuia asidanganye? Chuo chenye majibu ya maswali hayo, kiwe kikubwa au kidogo, cha Berekuso au cha Mlimani, kinatoa elimu ya muungwana. Kisichokuwa nayo kinauza vyeti.